Saa Kwenye Skrini ya Kaka

Kitinda alikaa safu ya mwisho ya ukumbi, mkoba mapajani, Mama ubavuni, roho mkononi. Kule mbele kaka yake alikuwa anachomeka waya wa projekta kwenye kompyuta. Watahini watatu walikuwa wameshajipanga nyuma ya meza yao ndefu, kila mmoja na nakala nene ya tasnifu mbele yake na glasi ya maji iliyofunikwa.

Jina la Kitinda alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, na lilimganda mpaka akawa mtu mzima mwenye kazi yake na mlango wake. Kaka yake walimwita Profesa tangu darasa la tatu, kwa utani mtupu, maana alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka wageni wanaaga mapema. Sasa utani ulikuwa umefika mahali pa kuamuliwa. Tasnifu yake, juu ya unyevu unaokula kuta za majengo ya zamani, ilikwishakwama mara moja mbele ya jopo hilihili, na chuo kilimpa nafasi moja tu ya kuitetea tena. Nafasi yenyewe ndiyo hii. Akikwama leo, miaka ya kutoboa kuta, kukwangua chokaa na kula mkate mkavu maabara inakwenda na maji, na hakuna pa kukata rufaa.

Profesa alikuwa na kigugumizi. Hilo tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe hakulificha. Yapo maneno yaliyomtoka bila taabu, na yapo mengine, hasa yaliyoanza kwa m na s, yaliyomkaba kooni huku kila aliyekuwepo akitazama viatu vyake. Kitinda hakuwa mtu wa kutazama viatu. Tangu ana meno ya utoto alikuwa akimmalizia. Kaka akianza, "Naomba s-s-s," yeye anadakia, "Sukari!" na sukari inaletwa. Mama alikuwa akimkanya, "Muache mwenzio amalize," lakini Kitinda aliona huo ni ukatili. Mtu anazama, unamwachaje? Alimpenda kaka yake kupita kiasi, na mapenzi yake yalikuwa na mdomo mwepesi.

Alipopata kazi katika kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya slaidi, alikabidhiwa skrini ya mwasilishaji. Hiyo ni ile ambayo hadhira haiioni. Watu wanaona picha kubwa ukutani. Msemaji, kwenye kompyuta yake, anaona picha hiyohiyo ikiwa ndogo, slaidi inayofuata, na maandishi yake ya kumkumbusha. Kitinda aliipanga skrini hiyo kama mtu anayemtandikia mgonjwa kitanda. Herufi zilisomeka hata ukiwa umesimama mbali nazo, rangi zilikuwa tulivu, na hapakuwa na kitufe hata kimoja cha kumchanganya mtu mwenye hofu. Ilikuwa kazi nzuri, na asiyekubali ana wivu.

Halafu akaongeza saa. Wazo lilimjia baada ya kaka yake kukwama mara ya kwanza. Siku ile Profesa, kwa kuogopa kwamba maneno yatamlia muda, alikimbia mno. Aliruka nusu ya slaidi, akamaliza mapema huku anahema, na watahini wakasema hawakuelewa amegundua nini. Kitinda akajisemea kwamba kaka hakujua muda wake ulikuwa umefikia wapi. Angeuona, asingekimbia. Basi akamtengenezea saa: duara kubwa kwenye pembe ya chini ya skrini, kijani mwanzoni, njano baadaye, nyekundu mwishoni, na dakika za mwisho kabisa duara linapwita kama moyo. Kitufe cha kuificha alikataa kukiweka, kwa hoja kwamba mtu mwenye hofu hajui kinachomfaa.

Waliijaribu ofisini kwa watu kumi na wawili walioalikwa. Utaratibu wao ulikuwa huu: chini ya skrini iliwekwa kamera ndogo inayofuata mboni za macho, na baadaye kompyuta ilichora vidoa pale macho yalipotua na kukaa. Uso wa mtu haukurekodiwa, kwa kumheshimu. Ni vidoa tu. Na vidoa vilirundikana juu ya saa mpaka haikuonekana. Kitinda alikimbia na michoro hiyo mpaka kwa Bosi, akaibandika ukutani kwa mikono yake.

"Ona wanavyoipenda! Na huyu wa saba ndiye kabisa, hajabandua macho!"

Nongwa hakufurahi. Huyo alikuwa mkaguzi wa makosa wa kampuni, na jina lake lilitokana na kazi yake na tabia yake kwa pamoja. "Mimi nikiona askari barabarani simwondolei macho," alisema. "Sio kwamba nampenda."

Walicheka wote, Kitinda akacheka kuliko wote, na Bosi akakata shauri kwamba saa ndiyo itakayouza programu.

Profesa naye alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Namba yake Kitinda hakuijua, kwa kuwa Nongwa ndiye aliyesimamia majaribio na majina alikaa nayo mwenyewe. Siku hiyo Kitinda alimngojea kaka yake mlangoni. Profesa alitoka kola imelowa jasho, akamshika mdogo wake mkono. "Kitinda, ile s-s-s..."

"Saa! Nzuri, eh? Nilijua tu utaipenda!" Akamkumbatia kwa nguvu.

Kaka alibaki mdomo wazi kidogo. Kisha akatabasamu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Na leo alikuwa amesimama mbele ya jopo, na kwenye kompyuta yake ilikuwemo nakala ya majaribio ya programu hiyo, pamoja na saa yake. Mwenyekiti wa jopo, mwanamke wa makamo mwenye sauti isiyohitaji kupandishwa, aliwatazama ndugu na jamaa kule nyuma.

"Mmekaribishwa kusikiliza, si kusaidia," alisema. "Atakayefungua mdomo nitamtoa, na kikao nitakisimamisha. Bwana, una dakika ishirini. Karibu."

Taa zikazimwa ili picha ionekane ukutani. Mwanga wa kompyuta ukampiga Profesa usoni, na kwenye kila kioo cha miwani yake kikakaa kiduara cha kijani. Kitinda alikiona akafurahi. Katika miezi yote ya kazi ile hakuwahi kuuona uso wa mtu anayeitazama skrini yake. Alikuwa ameona vidoa tu.

Profesa alianza vizuri. Alieleza nyumba alizozichunguza, ukuta uliobambuka rangi kila mwaka, wenye nyumba waliobadilisha mabati mara tatu na bado chumba kinanuka uvundo. Alikwama kwenye neno moja, akapita. Akakwama kwenye jingine, akapita. Mtahini mmoja alikuwa anaandika, mwingine anatikisa kichwa kukubali. Mama alianza kupumua.

Viduara vya miwani vikageuka njano.

Kitinda aliona kitu ambacho michoro yake yote haikuwahi kumwonyesha. Kaka yake alikuwa akimaliza sentensi, macho yanashuka pembeni. Anaanza nyingine, yanashuka tena, kama mtoto anayehakikisha kama fimbo bado iko mezani. Na kila yaliposhuka, bega moja lilipanda kuelekea sikioni. Sauti ilianza kwenda mbio. Akabonyeza, slaidi ikapita kabla hajaisemea. Akabonyeza tena.

"Mbona anakimbia tena?" Mama alinong'ona.

Kitinda alikuwa anamtazama mtu asiyebandua macho kwenye saa, na kwenye uso ule hapakuwa na mapenzi ya aina yoyote. Aliichomoa simu mkobani, akaificha nyuma ya mkoba, akamwandikia Nongwa.

"Wa saba alikuwa nani?"

Jibu likaja. "Majina hatutaji. Sheria uliiweka wewe."

"Nongwa, nakuomba."

Likakawia. Kisha: "Ulimkumbatia mlangoni."

Kitinda akaandika kwa vidole vilivyokuwa vinakosa herufi. "Izime saa kwenye kompyuta yake. Sasa hivi."

"Swichi ni moja kwa nakala zote za majaribio. Ulisema moja inatosha. Na Bosi yuko jukwaani hapa hotelini, anawaonyesha wanunuzi hiyohiyo saa. Ukizima ya kaka yako, na ya Bosi inazimika mbele yao. Mimi sigusi. Ukitaka, swichi unayo."

Kweli alikuwa nayo. Ilikuwa palepale kwenye simu, kwenye ukurasa wa wasimamizi. Wanunuzi wale Bosi aliwafukuzia mwaka mzima. Alikuwa ameshawaambia wafanyakazi wote kwamba leo hataki hata kikohozi. Kitinda akiibonyeza, unga wake umemwagika, na hakuna wa kumtetea. Akiiacha, basi anaendelea kukaa pale na kumtazama kaka yake akikimbizwa na kitu alichokitengeneza yeye.

Alifikiria kupiga kelele. Alifikiria kujifanya amezimia. Angeweza pia kungoja, labda kaka atajikaza, labda dakika zilizobaki ni chache. Huku anafikiria, viduara vya miwani vikawa vyekundu.

Profesa alikuwa amefika kwenye sentensi iliyobeba tasnifu nzima. Kitinda aliijua kwa moyo. Aliisikia jikoni, aliisikia kwenye simu, aliisikia kaka akiwaambia wajomba wasiotaka kuisikia.

"Wote tuliamini ma-maji yanashuka kutoka kwenye paa," alisema Profesa. "Vipimo vinaonyesha hapana. Yanapanda. Yanapanda kutoka kwenye m... m-m-m..."

Neno likakaba. Wekundu ukaanza kupwita kwenye miwani, unawaka, unafifia, unawaka. Macho yake yaliganda pembeni mwa skrini. Mdomo ulikuwa umefumba kwenye ile m, na mishipa ya shingo imesimama. Mtahini mmoja aliiweka kalamu chini. Mwingine akaanza kutazama viatu vyake.

Msingi. Neno lilikuwa limemjaa Kitinda mdomoni, limekwisha kupangwa, linataka kutoka lenyewe. Alivuta pumzi. Hapo Mama akamshika kifundo cha mkono, akakibana mpaka kucha zikazama, wala hakumtazama.

Kitinda akaimeza ile pumzi. Neno kaka alikuwa nalo. Alikuwa nalo kabla ya wote mle ukumbini, maana yeye ndiye aliyelifukua chini ya kuta za watu. Alichokosa si neno.

Akaibonyeza swichi. Simu ikamuuliza: "Una uhakika? Badiliko hili litawafikia watumiaji wote. Tafadhali fikiri kwanza." Swali hilo alilitunga mwenyewe, ili kuwasaidia watu wasifanye mambo kwa pupa, na wakati ule alitamani kulitukana. Akabonyeza "Ndiyo".

Wekundu ukatoweka kwenye miwani. Profesa alipepesa macho. Akatazama pembe ya skrini, akaitafuta ile saa hata akainama kidogo, asiikute. Palibaki weupe mtupu na maandishi yake kwa herufi kubwa. Akainuka taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu viduara viwe njano, akawatazama watahini.

Bega lile likashuka.

"M-msingi," alisema. Kisha akalisema tena, kwa kulipenda tu. "Yanapanda kutoka kwenye msingi. Na samahani, kuna slaidi mbili niliziruka. Naomba n-nirudi."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Profesa akarudi, akazieleza, na alipokwama alikwama kwa starehe zake, akangoja neno lije, likaja. Dakika ishirini zilipita. Mwenyekiti aliitazama saa yake ya mkononi, akamtazama Profesa, akaushusha mkono chini ya meza. Maswali yalipoanza aliulizwa juu ya chokaa, juu ya chumvi, juu ya nyumba za mteremkoni, na Profesa akajibu yote mpaka mtahini aliyekuwa akitazama viatu akawa ndiye mwenye maswali mengi kuliko wenzake.

Wakati huo simu ilikuwa inatetemeka mkononi mwa Kitinda. Nongwa: "Imezimika. Bosi amewaambia watazame pale chini, na pale chini hakuna kitu. Kuna mmoja amecheka. Anataka kujua nani."

"Mwambie ni mimi."

Haikupita muda akapata ujumbe wa Bosi mwenyewe. "Jumatatu lete kadi ya mlangoni. Vitu vyako utavikuta mapokezi." Kitinda aliusoma mara mbili. Ilimuuma, tena sana. Aliipenda ile kazi, na skrini ile ilikuwa yake, mstari kwa mstari. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na Mama akadhani ni furaha.

Waliambiwa wasubiri nje ushorobani. Mlango ulipofunguliwa, mwenyekiti alisema kwamba jopo limeridhika, isipokuwa maelezo yaliyo chini ya baadhi ya picha yarekebishwe.

"Kurekebisha picha ndiyo nini?" Mama aliuliza. "Amepita au hajapita?"

"Amepita, mama."

"Basi mngeanza na hilo!" Mama akajifunika uso kwa mtandio, akalia, akamaliza, akaingia ukumbini kuwashukuru watahini mmoja mmoja, na hakupatikana wa kumzuia.

Ndugu wawili wakabaki kwenye benchi. Simu ikaanza kutetemeka mkobani. Kitinda akaichungulia. Bosi. Ikanyamaza, ikaanza tena.

"Saa ilikwenda w-wapi?" Profesa aliuliza.

"Niliizima."

"Wewe?"

"Mimi. Kaka, wa saba ulikuwa wewe. Ile saa ilikuwa inakutisha tangu siku ile ya kwanza." Hasira ikampanda, ya kujikasirikia mwenyewe, lakini ikamwangukia aliyekuwa karibu. "Sasa kwa nini hukuniambia? Miezi yote hiyo! Si ungesema tu?"

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, hana haraka. "Ni-nilianza," alisema. "Siku ileile, pale m-m-m..."

Mlangoni. Kitinda alilijua neno, lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Akafyata. Simu ilitetemeka ikaacha. Mfagizi alipita na ndoo yake, akawapa hongera bila kujua za nini. Kaka alikuwa bado yuko kwenye m, na Kitinda alikuwa anamtazama usoni, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya.

"Mlangoni," alisema Profesa. "Nilianza kukuambia. Na nyumbani nikaanza tena, mara m-mbili. Hukuniacha nimalize."

Kitinda akaukumbuka mlango ule, na ile kola iliyolowa, na alivyomkumbatia. Alifungua mdomo aombe radhi.

Kaka yake akainua kiganja. "Si-sijamaliza," alisema.

Kitinda akaufunga mdomo. Akaitoa simu, akaizima, akairudisha mkobani, akamgeukia kaka yake, akasubiri.